Maswali Yenu, Majibu Yetu: Doa Jeupe Kwenye Pafu

Toleo lililopita tulieleza kwa ufupi kwamba doa jeupe kwenye picha ya kifua mara nyingi ni kalsiamu iliyoganda mahali palipowahi kuumia, na kwamba picha ya CT ndiyo inayoweza kuthibitisha. Barua zimekuja nyingi kutoka Lamu na Malindi, za wagonjwa na za wahudumu wa afya. Tumezijibu zile zitakazowafaa wengi. Majina tumeyahifadhi.

Eksirei imeshaonyesha doa. CT ya nini tena?

*Asalaam aleikum. Nina miaka 61, sivuti sigara. Nilipigwa eksirei kwa sababu ya kikohozi. Kikohozi kilipona, lakini daktari ameona doa la milimita 8 upande wa kulia, juu. Ananituma Mombasa nikapigwe CT. Kutoka hapa ni mashua hadi Mokowe, kisha basi. Kwa nini picha ya kwanza haitoshi?* — Mzee wa Mkomani, Lamu

Waaleikum salaam, mzee wetu. Eksirei ni kivuli. Miale hupenya kifua chote, na kila ilichokutana nacho njiani, ubavu, mshipa wa damu, misuli, hata chuchu, huangukia kwenye karatasi moja, kimoja juu ya kingine. Doa lako linaweza kuwa ndani ya pafu, linaweza kuwa uvimbe mdogo wa ubavu. Na hata likiwa ndani ya pafu, weupe wake umechanganyika na weupe wa vyote vilivyo mbele na nyuma yake, kwa hiyo hakuna anayeweza kuupima.

Mashine ya CT humzunguka mtu, kisha kompyuta hukigawa kifua vipande vyembamba na kukipa kila kijisehemu namba inayoonyesha jinsi kinavyozuia miale. Namba hizo huitwa vipimo vya Hounsfield, kwa jina la Godfrey Hounsfield, mhandisi Mwingereza ambaye mashine yake ilimpiga picha mgonjwa wa kwanza mjini London mwaka 1971. Maji ni 0. Hewa ni −1000. Pafu lenye afya limejaa hewa, basi huwa kati ya −700 na −900. Mafuta ni karibu −100, nyama na damu ni kati ya 30 na 60, na mfupa huanzia mamia kwenda juu. Kinundu, yaani uvimbe mdogo wa mviringo ndani ya pafu, kikiwa cha nyama tupu, bila dawa yoyote ya mshipani (ile inayodungwa ili picha ing'ae), hakifiki 100. Kilichojaa kalsiamu hupita 200. Hilo eksirei haiwezi kukuambia kwa hakika.

Lakini kabla hujapanda mashua, tafuta picha zako za zamani. Kama uliwahi kupigwa eksirei ya kifua, hata kwa ajili ya kazi au upasuaji, na doa hilo lilikuwepo miaka miwili au zaidi iliyopita kwa ukubwa ule ule, mpelekee daktari wako hiyo picha kwanza. Huenda safari isiwe ya lazima tena. Ukienda, hakikisha barua ya daktari imeandikwa CT ya kifua bila dawa ya mshipani, dozi ndogo. CT ya kawaida ya kifua hutoa miale ya takriban milisiviati 6 hadi 7 (milisiviati ni kipimo cha dozi ya miale). Ya dozi ndogo ni kama 1.5, na inatosha kabisa kwa kazi hii. Kwa kulinganisha, mwanadamu hupata wastani wa 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, hewani na angani bila kupigwa picha yoyote.

Je, ni vumbi la mawe?

*Nachonga mawe Manda Maweni tangu ujana. CT imeonyesha kalsiamu kwenye pafu la kushoto, na jiwe letu la matumbawe ni chokaa tupu. Ndilo limenigandia kifuani?* — Fundi, Lamu

Hapana, ndugu yetu. Vumbi la chokaa linaloingia kwenye njia ya hewa hunaswa na makamasi likatolewa, na linalobaki huyeyuka. Kalsiamu inayoonekana kwenye CT imetoka kwenye damu yako mwenyewe. Seli za pafu zikifa, kwa kifua kikuu, kwa fangasi au kwa jipu, huachia fosfeti. Kalsiamu ya damu hushikana nayo pale pale, na polepole panakuwa pagumu kama mfupa. Huchukua miezi mingi, mara nyingi zaidi ya mwaka, hadi paonekane kwenye picha. Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari ni ugonjwa gani ulipita hapo. Kwetu Pwani jibu la kwanza la kufikiriwa ni kifua kikuu kilichopona, hata kama mtu hakujua kuwa aliwahi kuugua.

Hata hivyo tusikupe matumaini ya bure kuhusu vumbi. Linaloharibu mapafu ni silika, madini yaliyomo kwenye mchanga wa mtoni, kwenye zege, kwenye vigae na kwenye mawe magumu ya bara. Matumbawe safi yana silika kidogo, lakini wachongaji wengi siku hizi pia hukata zege na vigae kwa mashine ya diski. Madhara ya silika yana sura yake: vinundu vidogo vingi sehemu za juu za mapafu yote mawili, na tezi za limfu katikati ya kifua zenye utepe mweupe pembezoni, mfano wa ganda la yai. Mwombe anayesoma picha yako aangalie tezi hizo na aandike alichokiona, kiwepo kisiwepo. Mwenye silika mapafuni hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko wengine, kwa hiyo usikose kupimwa makohozi ukikohoa wiki mbili.

Lowesha jiwe kabla ya kukata. Kitambaa au shali usoni haizuii vumbi jembamba. Barakoa ya N95 inayobana vizuri mashavuni huzuia.

Kama uliwahi kubomoa paa za asbesto, mweleze daktari. Asbesto huacha mabamba ya kalsiamu kwenye utando unaozunguka mapafu, hasa juu ya kiwambo (msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu), pande zote mbili, miaka 20 au zaidi baadaye. Bamba nene la upande mmoja tu kwa kawaida ni la usaha wa kifua kikuu cha zamani au damu iliyowahi kumwagika kifuani.

Namba mbili kwa kinundu kimoja

*Nina mgonjwa mwenye kinundu cha milimita 6. Nikipima kwenye picha za pafu napata 310. Nikipima kwenye picha za tishu laini napata 140. Mashine ni moja, mgonjwa ni mmoja, ameshikilia pumzi mara moja tu. Niandike ipi?* — Radiografa, Malindi

Usiandike yoyote kwa sasa. Zote mbili zina kasoro, kila moja kwa sababu yake, na hili ndilo kosa linalowapeleka watu wengi kupasuliwa bure, au kuambiwa wako salama kabla ya kuthibitishwa.

Picha za pafu hutengenezwa kwa chujio kali (chujio ni hesabu ambayo kompyuta huitumia kuunda picha), lile linalonoa picha ili mishipa midogo na kingo zionekane vizuri. Chujio hilo huchukua kila mpaka kati ya kitu cheupe na cheusi likauzidisha: upande wa nyama hupandishwa, upande wa hewa hushushwa. Kinundu cha milimita 6 karibu chote ni mpaka. Nyama ya 60 inaweza kusomeka mia na zaidi, na kalsiamu kidogo ikasomeka nyingi. Picha hizo ni za kutazama umbo, si za kupima namba. Kwa kupima tumia chujio laini.

Sasa hiyo 140. Tunakisia picha zako za tishu laini ni za unene wa milimita 5, kama mashine nyingi zinavyopangwa. Hapo ndipo kalsiamu hupotea. Chukua kinundu chenye urefu wa milimita 3 na namba ya 400, kilichozungukwa na pafu la −850. Kipande cha milimita 5 kitabeba tatu za kinundu na mbili za pafu: sehemu tatu za tano za 400 ni 240, sehemu mbili za tano za −850 ni −340. Jumla ni −100. Kinundu cha mfupa kabisa kimesomeka kama mafuta! Kwenye kipande cha milimita 1 kinachopita katikati yake, kitasomeka 400. Kinundu chako cha milimita 6 hakipotei kiasi hicho, lakini kinapungua.

Kwa hiyo rudi kwenye data ghafi (vipimo vya mwanzo vya mashine, kabla havijawa picha), tengeneza upya kwa chujio laini, unene wa milimita 1 au 1.25, vipande vikipandana kidogo. Fanya hivyo siku hiyo hiyo, maana mashine nyingi hufuta data ghafi zenyewe diski ikijaa, na ikishafutwa huna budi kumpiga mgonjwa tena. Tafuta kipande ambacho kinundu ni kipana zaidi. Weka duara la kupimia katikati, lichukue kama theluthi mbili ya upana, lisiguse ukingo. Andika wastani na pia namba ya juu kabisa. Wastani ukipita 200, na weupe umeenea, andika kalsiamu. Kati ya 100 na 200 andika kwamba haijathibitika. Ni jibu halali, na daktari atajua la kufanya.

Angalia pia kilovolti (kV), nguvu ya umeme inayotoa miale. Kalsiamu huzuia zaidi miale yenye nguvu ndogo, kwa hiyo kinundu kile kile husomeka juu zaidi kwa kV 80 au 100 kuliko kwa 120, wakati nyama haibadiliki sana. Mpaka wa 200 tunaoutaja umezoeleka kwa 120. Ukishusha kV kupunguza dozi, iandike kwenye ripoti. Na picha ya marudio ipigwe kwa kV ile ile, la sivyo mtaona kinundu "kimeongezeka kalsiamu" kumbe ni mashine.

Kuhusu kutazama: dirisha ni kiasi cha namba kinachogawanywa kati ya weusi na weupe kwenye skrini. Dirisha la pafu lenye upana 1500 na kitovu −600 huonyesha kila kitu cha zaidi ya 150 kuwa cheupe kabisa, na nyama ya 40 iko karibu kabisa na weupe huo huo. Hapo jicho haliwezi kutofautisha. Hamia dirisha la upana 400 na kitovu 40: nyama inakuwa kijivu cha katikati, na kinachozidi 240 ndicho kinachong'aa. Ulinganishe na ubavu ulio jirani kwenye kipande hicho hicho. Kisha fungua dirisha la mfupa, upana 2000 na kitovu 400, uone kalsiamu imekaaje ndani ya kinundu, kwani kwenye dirisha la 400 kila kilicho juu ya 240 ni weupe mtupu na mpangilio hauonekani.

Mengine ni ya mlangoni. Pini za mtandio, hirizi yenye kibati, mkufu, pini ya leso iliyofungwa kiunoni: vyote vitolewe, maana chuma hutupa mistari myeupe na myeusi inayoharibu namba za jirani. Muulize mgonjwa kwa heshima na mpe faragha ya kuvivua. Mfundishe kushika pumzi kabla hajaingia, umuone akifanya mara mbili. Asiyeweza kushika kwa sekunde kumi, mpige kuanzia chini kwenda juu, kwa sababu sehemu ya chini ya mapafu ndiyo inayotikisika zaidi, ipate mapema. Na umeme ukikatika mashine ikapoa, pasha bomba la miale joto na ufanye kalibresheni ya hewa (kusawazisha namba za mashine) kabla ya mgonjwa wa kwanza. Chombo cha maji cha kupimia kisome 0, kisizidi 5 juu wala chini. Kikizidi, namba zote za siku hiyo zina shaka.

Kalsiamu ipi ni ya kutuliza moyo?

*Ripoti zinakuja zimeandikwa "kinundu chenye kalsiamu" tu. Je, kila chenye kalsiamu si saratani? Na niwaanzishie dawa za kifua kikuu?* — Afisa wa kliniki, Witu

Hapana kwa yote mawili, na ripoti kama hiyo haijakamilika. Irudishe uombe mpangilio wa kalsiamu uandikwe.

Mipangilio minne huhesabiwa salama. Wa kwanza, kalsiamu imejaa kinundu chote. Wa pili, iko katikati kabisa. Wa tatu, imekaa kwa pete, moja ndani ya nyingine. Hii mitatu kwa kawaida ni alama ya maambukizi yaliyopona. Wa nne ni mabonge mabonge mfano wa bisi, nao ni wa uvimbe usio saratani uitwao hamatoma. Ndani yake ukipima na kukuta mafuta, kati ya −40 na −120, umepata ushahidi wa pili.

Mipangilio miwili haitulizi. Kalsiamu iliyokaa upande mmoja inaweza kuwa kovu la zamani ambalo saratani imeota jirani yake ikalimeza. Na vidoto vidogo vilivyotawanyika vinaweza kutoka kwenye uvimbe wenyewe, pale seli zake zinapokufa. Saratani chache za mapafu huonyesha kalsiamu kwenye CT, lakini zipo. Uvimbe wa kasinoidi, ambao hupenda kukaa kando ya njia kubwa za hewa, huwa nayo mara kwa mara. Na mgonjwa aliyewahi kuugua saratani ya mfupa, ya gegedu, au baadhi ya saratani za utumbo mpana, kwake hata kinundu cheupe chote kinaweza kuwa saratani iliyosambaa. Historia yake iandikwe kwenye fomu ya kuombea picha, kwa sababu msomaji wa picha haoni faili lako.

Kinundu kinachokua hakisalimiki kwa kuwa na kalsiamu. Ukubwa ukibadilika, mpangilio haumtetei tena.

Kwa vinundu vya nyama kamili (si vya ukungu) visivyo na kalsiamu ya uhakika, miongozo ya 2017 ya Fleischner, chama cha kimataifa cha wataalamu wa picha za kifua, husema hivi kwa mtu asiye na hatari kubwa: chini ya milimita 6 hakifuatiliwi, 6 hadi 8, CT irudiwe baada ya miezi 6 hadi 12, zaidi ya 8, ifikiriwe CT baada ya miezi 3, PET (picha inayoonyesha seli zinazotumia sukari nyingi) au kuchukua kipande kwa sindano. Chenye kalsiamu salama hakihitaji marudio. Lakini miongozo hiyo haiwahusu walio chini ya miaka 35, wenye saratani, wala wenye kinga dhaifu, wakiwemo wanaoishi na VVU ambao kinga imeshuka. Hao wanaamuliwa mmoja mmoja.

Ukiona vidoto vyeupe vingi vya milimita 1 hadi 3, vimetapakaa mapafu yote, kwa mtu mzima asiye na dalili, muulize kama aliwahi kuugua tetekuwanga akiwa mkubwa, ikamfikia kifuani. Huacha alama hizo hizo.

Sasa kifua kikuu. Kovu la kalsiamu kwenye pafu pamoja na tezi nyeupe kwenye mzizi wa pafu hilo hilo ni alama ya maambukizi ya kwanza, pengine ya utotoni. Kalsiamu peke yake si sababu ya kuanza dawa za miezi sita. Tafuta dalili za ugonjwa ulio hai: shimo ndani ya pafu, ukungu mzito, au vinundu vidogo vilivyopangika kwenye ncha za njia za hewa kama matawi yanayochipua. Tuma makohozi kwa GeneXpert, mashine inayotafuta vijidudu vya kifua kikuu. Makohozi ndiyo yanayoamua. Wala usimwambie mgonjwa kwamba vijidudu vimekufa vyote, kwa sababu ndani ya kovu gumu baadhi huweza kubaki hai miaka mingi. Akianza dawa za kushusha kinga, kisukari kikimwelemea, au akipata VVU, kovu hilo likumbukwe.

Maziwa na maji ya kisima

*Maji ya kisima chetu ni magumu, sufuria inashika ukoko mweupe. Nawapa watoto maziwa pia. Je, yanaweza kuwaletea kalsiamu mapafuni?* — Mama, Maweni, Malindi

Hapana, mama. Mwili hupima kalsiamu ya damu kwa ukali sana, na ya ziada hutoka kwa mkojo na choo. Endelea na maziwa. Vidonge vya vitamini D vya dozi kubwa vilivyonunuliwa bila kupimwa ndivyo vya kuepuka, kwani vikizidi hupandisha kalsiamu ya damu yenyewe.

Dada yangu husafishwa damu

*Figo zake zimeshindwa, ana miaka sita kwenye mashine. Eksirei ilikuwa safi, lakini CT imeonyesha kalsiamu juu ya mapafu yote mawili. Hana homa wala kikohozi.* — Msomaji, Malindi

Hii ni aina nyingine kabisa, na tunafurahi umeuliza, maana mara nyingi huitwa nimonia au kifua kikuu mgonjwa akapewa dawa zisizohusika. Kwa fundi wetu wa Manda, kalsiamu ilishika kwenye nyama iliyokufa. Kwa dada yako inashika kwenye nyama iliyo hai, kwa sababu damu ina fosfeti nyingi isiyotolewa na figo, na tezi za parathiroidi (tezi ndogo za shingoni) zinanyonya kalsiamu kutoka mifupani. Hupendelea sehemu za juu za mapafu kwa kuwa huko hewa ni nyingi kuliko damu inayopita, kaboni dioksidi hufukuzwa zaidi, asidi hupungua, na chumvi za kalsiamu huganda kwa urahisi pasipo na asidi.

Kwenye CT huonekana vinundu laini kama pamba, ukungu ukungu, na pengine namba zake hazifiki 200, hasa kwenye vipande vinene. Ndiyo maana eksirei ilipitwa. Kukiwa na shaka, picha ya mifupa ya teknishiamu (dawa ya mionzi inayodungwa na kunyonywa na mifupa) huonyesha mapafu yakinyonya dawa kama mfupa.

Timu yake ya figo ipime kalsiamu, fosfeti na homoni ya parathiroidi. Wengi hawana dalili na huishi hivyo. Kinachobadilishwa ni dawa za kufunga fosfeti zinazomezwa pamoja na chakula, kiasi cha vitamini D, na kiasi cha kalsiamu kwenye maji ya mashine. Chakulani apunguze soda za kola, nyama za kopo na dagaa wanaoliwa na mifupa yao. Asiache dawa yoyote kwa uamuzi wake mwenyewe.

Alikohoa kijiwe

*Mume wangu alikohoa kitu kigumu cheupe, mfano wa punje ya mchele, na damu kidogo. Tulidhani ni kipande cha jino.* — Bi wa Watamu

Hifadhi hicho kijiwe kwenye kichupa safi kikavu, Bi, na mwende nacho hospitali. Kuna tezi za limfu zilizoshikamana na njia za hewa. Zikijaa kalsiamu, msukumo wa pumzi na wa moyo huzisugua kwenye ukuta wa njia hiyo mwaka baada ya mwaka, hata ukuta ukatoboka na kipande kikaingia ndani. Apigwe CT bila dawa ya mshipani, vipande vya milimita 1, vitazamwe kwa pande tatu. Kwenye vipande vya milimita 5 jiwe lililo kando ya njia huonekana kama liko ndani, na lililo ndani huonekana kama liko kando. Daktari atazame pia pafu lililo mbele ya jiwe: limenywea, limejaa hewa isiyotoka, au lina maambukizi yanayorudi rudi pale pale.

Jiwe lililolegea huweza kutolewa kwa kamera ya mapafuni. Lililozama ukutani halivutwi ovyo, kwa sababu nyuma yake pengine kuna mshipa mkubwa wa damu. Makohozi yapimwe kifua kikuu vyovyote iwavyo. Na damu ikirudi, hata kama ni kidogo, asisubiri asubuhi.

Vijiwe vinavyotoka kooni, laini na vyenye harufu mbaya vikipondwa, ni vya mafindofindo. Hivyo havina uhusiano na pafu.

Kalsiamu ya moyo

*Ripoti yangu ya CT ya mapafu inasema mapafu ni safi lakini kuna kalsiamu kwenye mishipa ya moyo. Nimeambiwa nisijali.* — Msomaji, Gede

Jali. Hiyo si kovu la maambukizi, ni mafuta yaliyoganda kwenye kuta za mishipa inayolisha moyo, yakashika kalsiamu. Kipimo rasmi chake huhesabu kila kinachopita 130 kwenye CT iliyopangwa kufuata mapigo ya moyo, lakini hata CT ya kawaida ya kifua huiona. Pima presha, sukari na kolesteroli mwezi huu, na umwonyeshe daktari ripoti hiyo hiyo kwa ajili ya mazungumzo ya dawa za statini, zile za kushusha kolesteroli.

Kazi ya Ughaibuni

*Nimekataliwa kwenye vipimo vya kwenda Ghuba kwa sababu ya kovu la kalsiamu. Daktari wa hapa anasema mimi ni mzima. Nani mkweli?* — Kijana, Malindi

Daktari wako anajibu swali la tiba, kituo kinafuata kanuni za mwajiri, na kuna kanuni zinazokataa kovu lolote la mapafu. Omba sababu kwa maandishi. Kisha kusanya majibu mawili ya makohozi, CT yenye mpangilio na namba vimeandikwa, na eksirei ya zamani inayoonyesha kovu halijabadilika. Huenda wasikubali, lakini bila hivyo hakuna cha kukatia rufaa. Usimeze dawa za kifua kikuu ili kovu lifutike. Dawa huua vijidudu, haziyeyushi kalsiamu.

Ramadhani

*Tarehe yangu imeangukia mwezi wa Ramadhani. Lazima nile?* — Msomaji, Lamu

CT ya kutafuta kalsiamu haihitaji chakula, kinywaji wala sindano. Na dawa ya mshipani haitakiwi hapa, kwani iodini iliyomo nayo hung'aa na kuchanganya namba. Ikiwa daktari ameomba CT nyingine yenye dawa hiyo, utatakiwa kunywa maji mengi baadaye. Mwombe miadi ya alasiri karibu na futari, na hukumu ya sindano mwulize sheikh wako.

Filamu, diski au simu?

*Nimepewa filamu kubwa nne. Mwanangu amezipiga picha kwa simu akamtumia daktari kwa WhatsApp. Daktari anasema hazimsaidii.* — Mama, Matondoni

Ana haki. Filamu imechapishwa kwa dirisha moja au mawili, na weupe wake haugeuki tena kuwa namba. Picha ya simu imeongeza mng'ao wa taa ya chumbani. Rudini au mpige simu muombe diski yenye faili za DICOM (faili asilia za picha za hospitali, zenye namba zake) za vipande vya milimita 1, chujio laini na chujio la pafu, vyote viwili. Mkiipata, ifungueni kwenye kompyuta pale pale hospitali kabla ya kuondoka, maana diski tupu hugunduliwa mtu akishafika Mokowe. Nakilini kwenye flashi, na diski yenyewe itieni kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa kwa ajili ya mashua. Juu ya jalada andikeni tarehe, hospitali na kV iliyotumika.